Tairi Laini za Kwenda Iringa

Mbeya, 2 Juni 2025

Mke wangu Chiku,

Amani ikukute hapo kwa kaka yako Adamu, wewe na wifi yako Saida na watoto wote. Mimi ni mzima, ukiacha baridi ya mwezi huu na nyumba iliyopanuka ghafla. Kasian dereva wa basi kanipa ujumbe wako: simu zangu hutazipokea kwa sababu tukisikiana tunagombana, nikiwa na neno niliandike, yeye atalibeba. Haya, naandika. Mkono wangu umezoea kuandika majina ya wateja juu ya magunia ya mchele, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Nianze na lililo wazi. Nimekuacha, lakini nimekuacha kwa talaka moja. Neno lile nililitamka pale Nyololo, kando ya barabara, mbele ya fundi pancha na akina mama wa viazi, kama mhuni. Talaka moja ina njia ya kurudi, na njia yenyewe ni eda yako. Maadamu uko edani wewe bado ni mke wangu, kinachotakiwa ni mimi kusema kwamba nimekurejea. Nina muda hadi mwishoni mwa Agosti, na tarehe nimeizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni.

Ila sitaki kulisema kwenye karatasi. La kuacha nililisema barabarani, la kurejea nitalisema nimevaa kanzu, nimekaa kwenye zulia la kaka yako, naye ananisikia. Halafu nitakufungulia mlango wa gari, turudi nyumbani.

Shida ni hilo gari. Wakati unapanda basi la Kasian uliapa kwamba hutakaa tena juu ya tairi zile, na mimi nakijua kiuno chako zinavyokiumiza. Kwa hiyo nimeanza na tairi. Nimelirudisha kwa lori hadi kwa fundi Ambokile pale Mwanjelwa, nikamwambia ang'oe ranflati zote nne, zile ngumu zinazotembea hata bila upepo, aniwekee tairi za kawaida, laini, kama za watu wote. Ametumia saa nzima kwa tairi moja. Ubavu wake ni mgumu kiasi kwamba mtaimbo ulimruka ukampiga goti. Akaniuliza, "Mzee Isihaka, tairi hii inaogopa nini?" Nikamwambia inaogopa kusimama.

Jioni nachemsha chai ya vikombe viwili kwa mazoea. Cha pili nakimwaga.

Wako,
Isihaka


Iringa, 11 Juni 2025

Mume wangu Isihaka,

Barua nimeipata. Kasian aliikunja mara nne akaitia kwenye soksi, ameniambia ni kwa usalama. Nimeisoma kwa pua iliyozibwa.

Umeniandikia habari za mtaimbo na goti la Ambokile, ila kuhusu Mama Mdogo hujaandika hata mstari. Acha niandike mimi. Yule ndiye aliyenilea tangu nina miaka mitatu. Tulipigiwa simu asubuhi kwamba amefariki na atazikwa baada ya Alasiri. Tulikuwa na muda wa kutosha. Taa ya tairi iliwaka tukiwa Igawa, nikakwambia simama. Ukasema tairi hizi hutembea hata upepo ukiisha. Makambako tukapita mafundi wamejipanga barabarani, nikakwambia simama, ukasema hata spea hazina kwa sababu hazihitaji. Zikatembea kweli, hadi Nyololo, tairi ikabaki matambara. Fundi wa pale hakuwa na saizi yako. Nikasema tuliache gari tupande basi, ukasema gari kama lile haliachwi porini. Nikasema neno, na wewe ukasema lako. Nilipofika Iringa watu walikuwa wanakunja majamvi.

Nimeshayasema, sitayarudia. Sijakuandikia nikuumize. Nimeandika kwa sababu wewe ukikosea unashika spana.

Sasa sikiliza. Basi la Kasian lina viti hamsini na kitu, vyote vinafika Iringa. Mimi sikuolewa na gari. Ulipolinunua ulisema, "Sisi tuko wawili, Mungu hajatupa watoto, gari la watu wawili linatutosha." Siku ile nililia jikoni, hukuniona. Lilikuwa neno zuri, ndiyo maana nililia.

Eda yangu naikaa hapa, kwenye chumba cha marehemu, na cherehani yake. Naamini unajua hesabu ya eda inavyokwenda, nami sitaandika mambo yangu ya ndani kwenye barua inayosafiri ndani ya soksi.

Mkeo,
Chiku


Mbeya, 27 Juni 2025

Mke wangu Chiku,

Nimeisoma barua yako nikiwa mashineni Rujewa, nyuma ya pumba, ili vijana wasinione. Kuhusu Mama Mdogo nimejaribu kuandika. Kila nikianza sentensi inageuka kuwa utetezi, basi naiacha. Mungu amrehemu.

Hesabu ya eda naijua, usiwe na wasiwasi, kalenda naipita kila asubuhi nikienda kuchota maji ya chai.

Kuhusu basi. Chiku, nikishuka stendi na mfuko wa plastiki mkononi, kaka yako atanionaje? Atasema huyu bwana alimwacha dada yangu kwa ajili ya gari, leo amekuja kumchukua kwa nauli. Niache nije nimekamilika. Nataka ukae kwenye kiti kile kile, upite njia ile ile, kiuno kisikuume hata kidogo, ndipo utaamini kwamba nimebadilika.

Tairi zimenitoa jasho. Gari hili za nyuma ni pana kuliko za mbele, hukuwahi kuliona hilo, hata mimi sikuliona. Hapa Mbeya hakuna. Nikaagiza Dar, zikaja nne, nikafungua kwa furaha: zote za nyuma! Jamaa wa dukani anasema nilimwambia nne, akanipa nne. Za mbele wanasubiri mzigo mwingine. Nikamwambia Ambokile afunge hizo mbili nyuma, mbele abakishe ranflati, nije hivyo hivyo. Amekataa katakata. Anasema mbele ngumu nyuma laini, kwenye kona za Mlima Nyoka gari litakata viuno. "Ukifa na mkeo wataniuliza mimi." Basi gari limekaa juu ya matofali uani kwake, kuku wanalala chini yake.

Jambo jingine, gari hili halina mahali pa kuweka spea. Buti lake linajaa kwa begi lako moja. Kwa hiyo nimenunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari, jeki, na chupa ya gundi ya kuzibia pancha. Ranflati zilikuwa hazitaki chochote. Hizi zinataka vitu, na zinataka watu.

Mchana nakula kwa Tumpe, yule mama ntilie wa karibu na stoo. Ananipakulia samaki mkubwa kisha ananiangalia kwa huruma, na hapo hamu inakata. Usiku nalala upande wangu wa kitanda, wako nimeuacha ulivyo.

Wako,
Isihaka


Iringa, 9 Julai 2025

Mume wangu,

Huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi. Nimemshonea Saida sketi tatu, mlango wa nyuma nimeutundikia pazia, na cherehani imeniishia mafuta. Nakwambia haya ili ujue kwamba siku zinapita na mimi nazipitisha.

Adamu ameniuliza kama una nia. Nikamwambia, "Nia anayo, bado tairi mbili." Alicheka, kisha akatoka nje. Yeye ni mtu wa kanuni. Ameniambia nisikuombe, kwa sababu mwanamke aliyeachwa barabarani hapigi simu kuomba achukuliwe. Nimemtii. Wakati mwingine namtii huku nimeshika simu.

Isihaka, hakuna anayekungoja na kanzu. Neno likiandikwa pia ni neno, kamuulize sheikh yeyote. Ukiandika mstari mmoja, na shahidi wako akiwa ni Kasian na soksi yake, mimi nitafunga begi leo hii. Nitapanda basi mwenyewe, nitashuka Mbeya na kutembea hadi nyumbani kwetu, kiuno au bila kiuno.

Nimekukumbuka. Haya, nimelisema, na wewe sema lako.

Muda unakwenda mbio kuliko unavyodhani.

Mkeo,
Chiku


Mbeya, 21 Julai 2025

Chiku wangu,

Zimefika! Za mbele zimefika Alhamisi, na Ijumaa baada ya swala Ambokile akazifunga zote nne. Jumamosi nimelijaribu. Ungekuwepo! Gari lile lililokuwa linakuhesabia kila jiwe limekuwa kama limevaa ndara. Nimeshuka Mlima Nyoka, Inyala, Igurusi, Chimala, kikombe cha chai ningeweza kukishika mkononi.

Karibu na Igawa nikapata pancha. Msumari, tairi ya nyuma. Safari hii hapakuwa na ujanja, gari lililala upande, nikasimama. Jeki yangu ilizama kwenye mchanga, gundi ikagoma. Wakaja wafugaji wawili na mwenye bodaboda, wakalinyanyua kwa mikono huku mmoja akisukuma jiwe chini. Tukakaa tukisubiri bodaboda irudi na fundi. Wakaniuliza natoka wapi, nina watoto wangapi, mke yuko wapi. Nikawaambia mke yuko Iringa namfuata. Wakanipa maziwa. Tangu uondoke sijaongea na watu muda mrefu vile, na sikutaka fundi afike upesi.

Tairi ilipozibwa nilikuwa tayari theluthi ya njia kuja kwako. Niliitazama barabara ya Makambako kwa muda. Lakini nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi, shati la kazi, suruali ina mafuta. Nikageuza gari. Usinikasirikie, sikutaka unione nilivyokuwa.

Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nami nimekukumbuka, Chiku, hadi naona haya. Lakini neno nitalisema kwa mdomo wangu. Nimelichafua kwa mdomo, nitalisafisha kwa mdomo.

Sasa tumepanga. Wiki ya Nane Nane nina banda la mchele kwenye maonyesho, wenzangu wa Rujewa wamenitegemea. Yanaisha Ijumaa. Jumamosi tarehe 9 Agosti nakuja. Kwenye kalenda bado nitakuwa na zaidi ya wiki mbili za akiba. Nimekununulia mto wa kuegemeza kiuno, rangi ya bluu.

Wako,
Isihaka


Iringa, 26 Julai 2025

Mume wangu,

Usingoje Nane Nane. Njoo wiki hii. Njoo na vumbi lako.

Hayo mengine siwezi kuyaandika, ni mambo ya mwanamke, na najua Kasian anazisoma hizi barua kwa sababu jana ameniuliza kiuno kinaendeleaje. Wewe ni mtu mzima, ulikaa na mimi miaka kumi na minne. Fikiri.

Kama huwezi kuja, andika. Mstari mmoja.

Mkeo,
Chiku


Mbeya, 30 Julai 2025

Chiku wangu,

Umeniita! Nimeisoma mbele ya Tumpe nikacheka peke yangu, akadhani nimepata mteja mkubwa. Miaka yote hii wewe ndiye ulikuwa mtulivu, mimi ndiye wa haraka. Leo umenigeuzia.

Vumilia kidogo tu. Banda limeshajengwa, mchele uko njiani, siwezi kuwatupa wenzangu. Kanzu nimeipeleka kwa dobi. Na nimefikiri kama ulivyoniambia: nimefikiri ulikuwa unaogopa nisije nikabadili mawazo. Siwezi kubadili. Jumamosi ile saa nne asubuhi niko mlangoni.

Wako daima,
Isihaka


Iringa, 10 Agosti 2025

Ndugu Isihaka,

Jana ulipofika nilikuwa chumbani, na ukuta wa chumba hiki ndio ukuta wa sebule. Nilisikia gari likisimama, kimya sana, tairi zako ni laini kweli. Nilikusikia ukimsalimia Saida, ukiwauliza watoto darasa. Nilisikia kanzu yako ilivyokuwa na wanga wakati unakaa. Halafu ukakohoa ukasema, "Shemeji, wewe ni shahidi wangu, mimi nimemrejea mke wangu Chiku." Ulilisema vizuri. Nilikuwa nimesimama, mkono wangu uko kwenye kitasa.

Adamu aliwatoa watoto nje kwanza. Ulidhani amekasirika. Alikuwa anaona aibu kwa niaba yako. Kisha akakuambia kwamba eda imekwisha, ukabisha, ukataja Agosti na kalenda, na yeye akashindwa kukueleza kwa sababu mimi ni dada yake. Sasa nakueleza mimi, na Kasian asome akitaka.

Eda ya miezi mitatu ni ya mwanamke aliyekoma kuona siku zake. Mimi sijakoma. Eda yangu ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi kati ya siku zangu. Ukiniacha nikiwa twahara, twahara hiyo inahesabiwa, na nikiingia siku zangu mara ya tatu mlango unafungwa. Hauangalii kalenda ya jikoni kwa mtu. Uliniacha Mei mwishoni. Mara ya tatu iliingia Ijumaa tarehe moja Agosti, asubuhi, nikiwa nakamua nguo uani. Nilikaa chini palepale. Barua yako ya kunicheka kwa haraka yangu niliipokea mchana wa siku hiyo hiyo.

Miaka kumi na minne ulikuwa unaniona nikiacha kuswali siku kadhaa kila mwezi. Nilidhani unajua. Nilikuwa naandika "muda unakwenda mbio" nikidhani naongea na mtu anayejua saa ni ngapi.

Na mimi siko safi. Simu ilikuwa mkononi mwangu wiki nzima kabla ya Ijumaa ile, jina lako liko mbele yangu. Nilisema nikikupigia itakuwa nimeomba, na aliyeniacha barabarani haombwi. Nikaiweka chini. Hilo nitalibeba mwenyewe.

Ulipoondoka nilichungulia. Kiti changu kilikuwa na mto wa bluu.

Mimi si mkeo tena. Sheria ndivyo ilivyo.

Chiku


Mbeya, 13 Agosti 2025

Chiku,

Sikujua. Tangu utoto nimesikia watu wakisema eda miezi mitatu, mdomoni kwa kila mtu, wala sikumuuliza yeyote kwa sababu nilidhani hakuna cha kuuliza. Jana nilikwenda kwa sheikh. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. Amesema mlango wa kurejea umefungwa, wa posa uko wazi. Ni ndoa mpya, mahari mpya, na idhini yako.

Kwa hiyo naandika humu humu, sina kanzu, sijanyoa, niko stoo nimekaa juu ya gunia: nakuposa, Chiku. Nakuomba unioe mimi, ndivyo ninavyoona, maana wewe ndiye mwenye kukubali. Kutoka kwako hadi Mbeya niliendesha na ule ukimya wa tairi laini, nikauchukia. Nilitamani ranflati zinipige.

Sisubiri kitu. Ukisema ndiyo, napanda basi la Kasian siku ile ile, hata nikikaa juu ya injini. Nyumba hii siiwezi peke yangu. Nimekuwa naongea na redio, Chiku, naijibu.

Isihaka


Iringa, 21 Agosti 2025

Ndugu Isihaka,

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Ni barua ya kwanza uliyoandika bila kutaja saizi ya kitu chochote. Ingekuja Juni ningekuwa nimeshapika kwako.

Jibu langu ni hapana. Nimelia wakati wa kuamua, na nalia sasa, na bado ni hapana.

Nakuamini kwamba leo utakuja kwa basi. Naogopa siku za mbele. Hujawahi kunifanyia jambo kwa ubaya wa moyo, kila mara ulikuwa unaniandalia kitu kizuri, na kila mara nilikuwa nakungoja mahali pabaya. Nakiona kitanda cha hospitali, mimi niko juu yake, wewe uko mjini unatafuta shuka linalonifaa. Mtu mbaya ningemvumilia, ningejua namna ya kujikinga naye. Kwako wewe sijui namna.

Nami ni yule yule wa kuweka simu chini. Tukioana tena wewe utakuwa unajiandaa na mimi nitakuwa nangoja bila kusema, na tutaita hiyo ndoa.

Nimemwambia Adamu kwamba nimekataa mimi, asikulaumu popote. Saida amenipatia chumba cha cherehani karibu na soko, nahamishia kazi huko, jioni narudi hapa. Mto wa bluu mpe Tumpe, amesimama miaka mingi kwenye jiko lile.

Lililobaki ni moja, nakuomba ulishike. Ukija Iringa kwa biashara usipite hapa nyumbani, hata kumsalimia Adamu, hata mlangoni tu. Nitakusikia nikiwa chumbani, na safari hii nitatoka.

Chiku